Viti Viwili Hadi Kisoko

Tangu nirudi, sijanywa chai mahali popote kwa amani. Nikienda kwa kinyozi, swali ni hilo. Nikitoka msibani, swali ni hilo. Hata mwanafunzi wangu wa udereva, badala ya kutazama barabara, ananigeukia: "Mwalimu, lile jekundu liko wapi?" Nimejibu vipande vipande hadi nimechoka. Basi ninyi rafiki zangu mliouliza, nawaandikia yote mara moja, tangu tulipotoka hadi tuliporudi, na mkimaliza kusoma mniache ninywe chai yangu.

Busia: tunaondoka na ugomvi wetu

Mnalijua gari lenyewe. Milango miwili, viti viwili, gia za mkono, na limekaa chini hivi kwamba mbuzi wa mjini hulitazama kwa juu. Nililinunua kabla sijaoa, na kwa miaka saba nimelipaka nta kwa mikono yangu. Nimefundisha nusu ya mji huu kuendesha, lakini usukani wa gari lile hakuna mwingine aliyeushika. Hata Adikini, mke wangu, sikumpa, naye alikuwa mwanafunzi wangu na hodari kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Nilikuwa namwambia, "Hili linataka mkono uliolizoea." Naye hunijibu, "Mkono utalizoeaje kama haulishiki?" Hapo mimi hujifanya sijasikia.

Mwaka huu injini ilianza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kutia injini kubwa zaidi, yenye tabo ya kuongeza nguvu, ambayo fundi mmoja wa Tororo aitwaye Okello alikuwa ameniwekea. Ya pili, kubadilishana na Haji Swaleh, msafirishaji wa Malaba, mwenye gari jeupe la viti saba, ambaye kila tukikutana hunishika mkono na kusema, "Lete jekundu, chukua jeupe, tufunge maneno." Adikini alitaka la Haji. Tuna watoto wawili. "Sisi wanne, gari la wawili," aliniambia. "Kila Jumapili tunapiga kura nani apande, nani atembee." Mimi nilitaka injini. Nilikuwa nimeamua, na mnanijua nikiamua. Nikamwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Akanijibu kwamba mbachao wenyewe unafuka moshi.

Tukapatana twende wote Tororo, kisha Kisoko kumwamkia mama yake, na siku tutakayorudi Busia neno liwe limekwisha, tusilirudie tena. Watoto tukawaacha kwa dada yangu. Habari za mpakani na makaratasi nazipita, isipokuwa askari mmoja upande wa Uganda aliyeinama akachungulia ndani, akauliza, "Sasa mizigo munaweka wapi?" Adikini akainua mkoba uliokuwa mapajani mwake. "Hapa," akasema. "Miaka sita." Askari akacheka mpaka akasahau alichotaka kutuuliza.

Masinya: maharusi wa bandia

Hatukufika mbali. Trela lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara ya Tororo, mihogo imetapakaa hadi kwenye mitaro, na watu wakatuambia tuzungukie njia za Masinya. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili na kuacha kigongo katikati, na gari langu likapanda kigongo hicho kwa tumbo, likatulia. Magurudumu yalizunguka hewani tu. Nilishuka nikalizunguka mara mbili, kana kwamba kulizunguka kungesaidia kitu.

Mara tukasikia vigelegele. Wanawake waliovaa magomesi, magauni yao ya sherehe, walikuja mbio kutoka upande wa kanisa, na nyuma yao wanaume wenye suti na matope. "Bibi arusi amefika!" mmoja akapaza sauti. Adikini alikuwa amevaa gauni lake la rangi ya maziwa, kwa ajili ya kumwamkia mama. Nilifungua kinywa nieleze, lakini nani anasikiliza? Wanaume kama ishirini walilishika gari huku na huku, wakaliinua juu juu, naye Adikini ndani, wakalipeleka hadi uwanjani mwa kanisa wakiimba. Mimi nilifuata nyuma kwa miguu, na mama mmoja akanipangusa uso kwa leso akisema bwana arusi hapaswi kutoka jasho.

Tulikuwa bado tunajitetea maharusi wenyewe walipofika, wamesimama nyuma ya pikapu, matope hadi kwenye shela. Kisha bibi arusi akamtazama Adikini kwa juu, akasema, "Dada, umekuja kunisaidia ama kuninyang'anya?" Kicheko kilichofuata kilimaliza aibu yote. Walikataa tuondoke bila kula. Tukapewa kalo, ule ugali wa mtama, uliokandwa vizuri, kuku, na mchuzi wa karanga mzito ambao mpaka leo naukumbuka. Sisi tukawaachia gari wapigie picha.

Mama yule wa leso alikaa karibu nami akilitazama. "Gari yako iko mzuri sana," akasema. "Ya arusi kabisa. Lakini kesho ya arusi munapanda nini?"

"Hili hili, mama."

"Na watoto?"

Nikamwambia nakwenda kulitia injini mpya. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeuliza saa akajibiwa jina la mji, akaniongezea mchuzi.

Tororo: injini yenye jina langu

Kwa Fundi Okello tulifika jioni. Injini ilikuwa imekalishwa juu ya tairi kuukuu, imesafishwa hadi inang'aa. Aliunganisha betri na mpira wa mafuta akaiwasha pale pale chini. Jamani. Mabati ya gereji yalitetemeka. Nilisimama pale nikiwa na furaha ya mtoto, wala sioni haya kusema hivyo. Nilichukua chaki nikaandika WANDERA ubavuni mwake, kwa herufi kubwa, mwingine asije akaitamani.

Okello ni mtu wa kusema anachokijua. Alizima, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Mimi fundi, nataka kazi," akasema. "Lakini sikia. Hii nguvu, ukiweka kwa bodi yako, itakimbia. Nani atasimamisha? Breki ya zamani itashindwa. Gia itashindwa. Shokamzoba itashindwa. Utabadilisha moja, ingine inalia."

"Tutabadilisha zote," nikasema.

"Sasa itabaki nini ya zamani?"

Nikafikiri. "Rangi."

Okello alimtazama Adikini. Adikini alitazama dari. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda changu nilikuwa tayari nakipenda. Tukakubaliana kwamba Jumatatu nitamwachia gari aanze kazi, maana kwanza tulipaswa kwenda kumwamkia mama.

Kisoko: nani akae kando ya mama

Hapa lazima nieleze jambo kwa wale ambao hawajaoa upande huu. Kwetu Wasamia, na kwao Jopadhola, kabila la mke wangu, mtu na mama mkwe wake huepukana. Hamshiki mkono, hali naye chungu kimoja, hakai penye kiti chake, na kukaa naye bega kwa bega ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Si uadui, ni heshima. Kwa miaka sita mama yake Adikini na mimi tumependana sana, yeye akiwa nyuma ya nyumba na mimi nikiwa mbele. Salamu zake huja kupitia kwa binti yake, pamoja na ndizi.

Na gari langu lilikuwa likimsaidia. Ekzosi yake husikika kutoka mbali, kwa hiyo nikifika mama hupata nafasi ya kuvaa vizuri na kujiweka pembeni. Asubuhi ile alikuwa juu ya jabali lililo kando ya boma, akianika mtama. Alilisikia gari. Akashuka haraka awahi kujisitiri, kitenge chake kikamtega, akaanguka. Tuliingia uani tukakuta watu wanakimbia. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti mahali ambapo mguu haupindi.

Nilizima injini. Sijawahi kuichukia sauti ile kabla ya siku ile, lakini pale niliichukia.

Pikapu pekee ya pale senta, kwenye maduka, ilikuwa imekwenda sokoni Tororo. Gari la wagonjwa tulilipigia, wakasema tusubiri, wala hawakusema hadi lini. Pikipiki kwa mguu ule ilikuwa ni kumuua. Gari lililokuwepo ni langu, na kiti cha abiria kinalala nyuma vizuri, mguu ungenyooka. Lakini nani aendeshe? Owere, shemeji yangu, hajui hata kuwasha gari. Wazee wa boma walikusanyika, na mama yuko chini anauma meno, nao wanajadiliana kama mkwe anaweza kukaa kando ya mama mkwe kwa ajili ya hospitali.

"Wamfunge macho, yeye Wandera," mjomba mmoja alisema, halafu akakumbuka kwamba mimi ndiye dereva.

Mwingine akaleta shuka. Wazo lake lilikuwa tulitundike katikati ya viti viwili, liwe ukuta. Tukajaribu kweli, msicheke. Tukalibana kwenye kioo cha juu na kwenye mkanda wa kiti. Lakini nilipojaribu gia ya pili, mkono wangu ulilisukuma shuka hadi pale ambapo goti la mama lingekuwa. Wazee wote waligeuza nyuso. Kutoka chini kwenye mkeka mama akasema kwa sauti iliyochoka, bila kunitazama, "Mwambieni shuka si nyumba. Afadhali nifie hapa."

Na alikuwa anamaanisha. Mimi nilisimama na jasho langu, mwalimu wa udereva wa mji mzima, mwenye gari la kasi kuliko yote wilayani, nisiyeweza kumpeleka mtu mmoja hospitali.

Adikini aling'oa lile shuka, akalikunja, akaliweka mbele ya kiti liinue mguu wa mama. Kisha akaninyooshea kiganja.

"Ufunguo," akasema.

Sikumwambia kwamba gari linataka mkono uliolizoea. Nilimpa ufunguo.

Tororo tena: nyuma ya gari langu

Nilifuata kwa bodaboda. Nataka mwelewe kwamba kwa miaka saba nililijua gari lile kwa ndani tu. Sikuwa nimewahi kuliona likienda. Lilikuwa mbele yetu, jekundu, limeinama, linakwepa kila shimo kana kwamba limeoneshwa mapema. Adikini alishuka gia kabla ya kila tuta, akaliinua taratibu, mguu wa mama usitikisike, na barabara ikinyooka aliliachia. Alikuwa anaendesha kama nilivyomfundisha, na kusema kweli vizuri kuliko ninavyoendesha mimi. Niliona fahari, na wivu, na haya, vyote pamoja juu ya kiti kimoja cha pikipiki.

"Shemeji," mwenye boda, kijana wa Kisoko, alinipigia kelele kupitia upepo, "hiyo gari inalia vizuri! Nani mwenyewe?"

Nilikaribia kusema ni mimi. "Yule anayeendesha," nikamwambia.

Daktari alisema mguu umevunjika mahali pamoja, tena pasafi, na kwamba walivyomleta amenyooshwa vile wamefanya vyema. Wakampiga plasta. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, kama inavyonipasa. Baada ya muda mrefu Adikini akatoka, akaketi kando yangu, macho mekundu lakini anatabasamu.

"Mama anakushukuru," akasema. "Anasema gari lako ni zuri, kiti kimemshika kama mtoto mgongoni. Halafu amesema neno jingine."

"Sema."

"Anasema gari lisilo na nafasi ya mtu unayemheshimu si gari, ni shati. Unalivaa peke yako."

Neno lile lilishuka polepole hadi likafika. Nilijiuliza, injini ile kubwa ya Okello ingefanya nini pale Kisoko asubuhi ile? Ingesikika kutoka mbali zaidi, basi. Mama angeanza kukimbia mapema kidogo.

"Tunakwenda Malaba," nikamwambia Adikini.

Na hapa ndipo aliponishangaza. "Kwa Haji? Hapana," akasema. "Wandera, mimi sasa nimelielewa gari lako. Pale kwenye kona, gia ya tatu..." Akaonesha kwa mkono. "Tia injini. Tutapanda kwa zamu."

Miaka yote ananiomba tulibadilishe, na siku nikikubali, analing'ang'ania! Lakini nilikuwa nimeamua, na safari hii niliamua nikiwa sioni raha yoyote, ndiyo nikajua ni uamuzi wa kweli. Nilikwenda kwa miguu hadi gereji ya Okello. Injini ilikuwa pale pale juu ya tairi. Nikalowesha kitambaa, nikafuta jina langu, herufi moja moja, hadi chuma kikabaki chuma. Okello alisimama akinitazama mpaka nilipomaliza.

"Mama iko salama?" akauliza.

"Iko salama."

"Basi umetengeneza mzuri," akasema, akarudi chini ya gari la mtu mwingine.

Malaba: jekundu kwa jeupe

Malori yalikuwa yamepanga foleni kwa kilomita nyingi, na madereva wanapika ugali kando ya magurudumu yao. Nilimwachia Adikini usukani hadi mpakani. Ilikuwa haki yake. Haji Swaleh alitupokea upande wa Kenya, nyumbani kwake, na hakukubali neno lolote la gari kabla ya pilau.

Tulipokwisha kunawa nikamuuliza jambo lililonisumbua muda mrefu. "Haji, wewe una malori, una jamaa wengi. La viti viwili unalitakia nini?"

Alicheka hadi kofia ikamhama. "Bwana Wandera, nimebeba watu maisha yangu yote. Mgonjwa ni wangu, maiti ni yangu, mizigo ya shangazi wa jirani ni yangu. Sasa nimezeeka. Nataka gari ambalo mtu akiniomba lifti nimwambie hakuna nafasi, na nisiwe nimesema uongo."

Basi yeye alikuwa anakimbia kile nilichokuwa nakikimbilia mimi. Tukapeana mikono. Nilikwenda kuutoa mkanda wangu wa ngozi uliozungushwa kwenye usukani, ule nilioufunga mwenyewe mwaka wa kwanza, na nilipokaa ndani mara ya mwisho machozi yalinitoka. Ndiyo, kwa sababu ya gari. Atakayecheka acheke. Adikini aliniacha kidogo, kisha akagonga kioo akasema la Haji lina sehemu ya kuweka mkoba.

Kisoko mara ya mwisho

Mama aliruhusiwa baada ya siku nne. Wazee wa boma walikuja wenyewe hospitali kukagua lile jeupe. Walihesabu safu za viti. Wakaamua mama akae nyuma kabisa, mguu umenyooshwa, safu ya katikati wakae Owere na wajomba wawili wenye mabega mapana, na mbele nikae mimi na Adikini. Mjomba yule wa shuka alipima kwa hatua, akatangaza kwamba hiyo sasa ni nyumba mbili na uwanja katikati. Kwa hiyo, baada ya miaka sita ya ndoa, nilimpakia mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza.

Niliendesha kwa heshima zote. Nilikwenda polepole kwenye mashimo, polepole kwenye lami, polepole hata mahali palipokuwa tambarare kabisa. Baiskeli zilitupita. Mwanamke mwenye mtungi kichwani alitupita pia, na kwa adabu akatusalimu. Sikujali. Nyuma yangu kulikuwa na mtu ninayemheshimu, na kulikuwa na nafasi yake, na nilijisikia mtu mzima kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Tulikuwa tumeacha lami tayari nilipomsikia mama akikohoa kule nyuma. Akamwita binti yake kwa Kidhopadhola, kwa sauti ya kutosha kufika mbele.

"Adikini!"

"Naam, mama."

"Lile jekundu mmelipeleka wapi? Lile lilikuwa linafika."

Adikini alijifunika uso kwa viganja, mabega yanamtikisika. Wajomba walitazama nje, kila mmoja dirisha lake. Nami, kwa kuwa mtu hamjibu mama mkwe wake, nilipanda hadi gia ya tatu, nikakanyaga mafuta.